Binti wa Masasi na maombi ya upolisi: uchambuzi wa kisa kimoja

Kila tangazo la ajira za Jeshi la Polisi linapotoka, steshenari yangu hapa Masasi hujaa tangu asubuhi. Vijana wanakuja kuskani vyeti, kufungua akaunti kwenye mfumo wa maombi, kuhangaika na namba ya NIDA iliyokataa, kupiga picha ya pasipoti. Ukutani, pembeni ya mashine ya fotokopi, nimechora mistari miwili kwa kalamu ya wino mzito: futi 5 inchi 8 kwa wanaume, futi 5 inchi 4 kwa wanawake. Wanavua viatu, wanaegemea ukuta, wanaulizana, "Nimefika?" Hilo ndilo swali wanalokuja nalo karibu wote: nitapita? Swali la kama kazi yenyewe inamfaa anayeiomba hulisikia kwa nadra. Kisa hiki ni cha mmoja aliyeliuliza. Nimekiandika kwa ridhaa yake, jina lake na la kijiji nimeyaacha, na mambo mawili matatu ya familia nimeyabadili asije akatambulika.

Kisa chenyewe

Ana miaka 23. Alimaliza kidato cha sita, akapita JKT kwa mujibu wa sheria katika kambi ya Nachingwea, kisha akarudi nyumbani kujitolea kufundisha darasa la tatu kwenye shule ya msingi ya kijijini kwao, kwa posho inayotokana na michango ya wazazi, ikipatikana. Baba alifariki yeye akiwa mdogo. Mama analima mikorosho michache, mbaazi na muhogo. Ada yote ya sekondari ililipwa na mjomba, kaka wa mama. Huku kwetu, kwa Wamakua, Wamakonde, Wayao na Wamwera, ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba ana sauti isiyopuuzwa. Mjomba aliyelipa ada ana sauti na nusu.

Mjomba alitaka aombe polisi. Mama alitaka uuguzi, na maombi ya vyuo vya afya yalikuwa wazi wakati huohuo. Binti alikuja kwangu dirisha la polisi likiwa limebakiza siku chache, vyeti mkononi, na masharti yote anayo: hajaolewa, hana mtoto, hana tatuu, umri uko ndani ya ule wa miaka 18 hadi 25 unaotakiwa kwa wa kidato cha nne na cha sita, na pale ukutani alipita kwa inchi nzima. Kilichokwama ni barua. Inatakiwa iandikwe kwa mkono. Alikuwa ameandika anwani, tarehe, "husika na kichwa cha habari hapo juu," halafu basi.

"Dada, sentensi ya sababu haitoki," aliniambia.

Wengi huniomba mfano wa kunakili, nami ninao. Yeye nilimvutia kiti nikamwambia anieleze kwa mdomo kwanza, kalamu aiweke chini.

Sababu tatu

Ya kwanza ilikuwa ajira: mshahara wa kila mwezi, matibabu, pensheni, na mama kuezeka nyumba upya. Sina la kubeza hapo. Mara nyingi anayemwambia kijana wa kijijini asitangulize mshahara huwa anao wake. Ila sababu hii ina upungufu mmoja, kwamba inafungua milango yote kwa pamoja. Uuguzi una mshahara, magereza wana mshahara, uhamiaji na zimamoto vilevile. Haikusaidii kuchagua.

Ya pili ilikuwa mjomba. "Anasema ukoo wetu hauna mtu." Nikamuuliza, mtu wa nini? Akacheka. "Dada nawe, si unajua."

Najua. Mjomba ananunua korosho. Kwa msomaji aliye mbali na huku: korosho inatakiwa ipelekwe chama cha msingi, iingie ghala kuu, iuzwe kwa mnada chini ya stakabadhi ghalani. Kangomba ni njia ya uchochoroni. Mtu anamfuata mkulima aliyebanwa na ada au ugonjwa, ananunua kwa bei ya kutupa kabla ya msimu kufunguliwa, kisha anaipenyeza kwenye chama kwa jina la mwingine. Imepigwa marufuku, na kila msimu watu wanakamatwa. Sisemi mjomba anafanya hivyo. Kijiji ndicho kinasema, na binti hakukanusha.

Ya tatu ilikuja baadaye, karatasi zikiwa zimeshakunjwa. Alipokuwa na miaka 15, mtoto wa jirani yao, mwanafunzi wa darasa la sita, alibakwa na mtu mzima anayefahamika. Yeye alimsindikiza mtoto na mama yake kituoni kuchukua PF3, fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, kisha hospitali. Askari aliyewapokea alikuwa mwanamke. Alimpa mtoto kiti, akafunga mlango, akaandika maelezo taratibu, na kila alichoambiwa akakisoma tena kwa sauti ili mtoto asahihishe. Wiki kadhaa baadaye wazee wa pande mbili wakakaa, pesa ikatoka, mtoto akapelekwa kwa bibi yake Tunduru, kesi ikafa kwa kukosa shahidi.

"Yule askari alikuja kijijini kumtafuta mtoto," alisema. "Watu wote wakamwambia hatujui alikokwenda. Nami nilikuwa nimekaa palepale. Nilijua."

Hapo nikaona tumefika. Lakini kufika kwenye sababu hakujamaliza kazi, maana hii ilikuwa na hitilafu mbili. Ilihusu pembe moja tu ya jeshi, Dawati la Jinsia na Watoto, na askari mpya hachagui dawati. Pia ilikuwa na deni la moyoni ndani yake, na mtu anayeingia upolisi kulipa deni la moyoni anaweza kulilipa kwa mgongo wa mtu asiyehusika. Nilimwomba asijaze chochote siku ile.

Mzee wa lindo

Mtaa wa pili kutoka kwangu anaishi staff sajenti mstaafu, mtu wa bao na redio. Nilimpeleka binti jioni. Mzee hakumkatisha tamaa wala kumtia moyo. Alimsimulia zamu.

"Ukitoka depo Moshi, kule shule ya polisi," alimwambia, "miaka ya mwanzo wewe ni wa lindo, kaunta, doria na kusindikiza mahabusu. Utasimama benki usiku kucha na bunduki. Benki haiibiwi usiku ule. Wala kesho. Unasimama tu, na kosa lako kubwa litakuwa kusinzia."

Akamweleza kaunta ya usiku wa manane: mlevi anayedai kaibiwa, mke na mume waliopigana na sasa wamepatana pale pale mbele yako na wanakugeukia wewe, kijana anayetaka RB, namba ya taarifa kituoni, kwa simu iliyopotea, mama wa mahabusu aliyeshika hotipoti. Kila mmoja jambo lake ndilo kubwa kuliko yote, na wewe unatakiwa uandike lote kwenye kitabu. Akamweleza uhamisho. Kutoka Masasi hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 1,000, na baada ya mafunzo barua inaweza kusema Kigoma au Mara. Ukiona tangazo linasema "awe tayari kufanya kazi mahali popote", usilisome kama pambo. Kuna na yale ambayo tangazo haliyasemi kwa kirefu: ibara ya 147 ya Katiba inamkataza askari kujiunga na chama cha siasa, ingawa kura anapiga, na chama cha wafanyakazi cha kumtetea hana. Ukionewa unapanda ngazi zilezile za wakubwa wako.

Binti akauliza, "Mzee, amri ikiwa mbaya?"

"Amri halali unatii hata kama huipendi. Ya kumpiga mtu mwenye pingu siyo amri, hata atamke nani." Akatukumbusha jambo ambalo huku hakuna asiyelijua: Januari 2022, maofisa saba wa polisi walifikishwa mahakamani Mtwara wakishtakiwa kwa mauaji ya kijana wa Nachingwea aliyekuwa akifanya biashara ya madini. "Pale kizimbani kila mtu alisomewa kwa jina lake. Jeshi halikusimama badala ya mtu."

Kisha mzee akauliza swali ambalo mimi nisingelifikiria. "Hapo shuleni unatumia fimbo?"

Binti akajibu kuwa walimu wenzake wanatumia, naye alipewa ya kwake wiki ya kwanza. Anaonyeshea nayo herufi ubaoni. Mzee hakusema kitu pale. Tulipokuwa tunaaga akanivuta pembeni: "Huyu mwache aombe."

Nakiri swali hilo lilinielimisha kuliko orodha yoyote ya sifa. Darasa la tatu lina watoto sitini na zaidi, jua la saa saba, mwalimu hajalipwa. Ukitaka kujua mtu atafanya nini na mamlaka akiwa amechoka na hakuna anayemwona, muulize alifanya nini na fimbo aliyokwisha kupewa.

Asubuhi moja mahakamani

Mahakama ziko wazi kwa umma, ila watu wengi huku huamini kwamba mtu huenda mahakamani akiwa ameitwa tu. Nilimshauri akakae benchi la nyuma, asikilize kesi yoyote. Alikuta ya wizi wa pikipiki. Askari mpelelezi, kijana tu, alikuwa anatoa ushahidi, na wakili wa utetezi alimbana na saa. Ulimkamata saa ngapi? Saa mbili asubuhi. Maelezo ya onyo, yale ya mtuhumiwa baada ya kuonywa haki zake, ulianza kuandika saa ngapi? Askari akalitazama jalada. Saa tisa alasiri. Kati ya hapo mlikuwa mnafanya nini?

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa polisi saa nne za kumhoji mtu aliyekamatwa, labda muda uongezwe kwa utaratibu, na maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda yanaweza kutupwa hata kama yana ukweli mtupu. Baada ya saa ikaja pikipiki yenyewe: nani aliikabidhi kwa nani, tarehe gani, hati ya kukamata mali iko wapi, mbona hakuna saini ya shahidi huru. Kijana wa watu alitoka pale shati limemganda mgongoni.

Nilitegemea arudi ameogopa. Alirudi amechangamka. "Dada, kumbe ni kazi ya kuandika!" Akatoa mkobani kauntabuku lake la shule. Kila mtoto wa darasa lake ana ukurasa: siku alizokosa, sababu aliyotoa mzazi, na pembeni, kwa wino mwekundu, sababu aliyotoa mtoto mwenyewe, maana mara nyingi hazifanani. Hakuna mwalimu mkuu aliyemwagiza. Mtu wa namna hiyo yule wakili angepata naye tabu.

Hapa ndipo vijana wengi ninaowahudumia hukosea hesabu. Wanajipima kwa mbio na urefu, mambo ambayo usaili utayapima kwa niaba yao. Ikiwa kuandika kunakuchosha, ikiwa huwezi kukumbuka nani alisema nini kabla hujachanganya na unavyofikiri wewe, upelelezi utakushinda, na kesi zitakufia mikononi huku wahalifu wa kweli wakirudi mtaani wanakupungia mkono.

Hofu ya mama

Mama alikuja dukani mwenyewe, kanga mbili na kapu la ming'oko, kunisalimia na kunilaumu kwa pamoja. Nilidhani anaogopa kifo, na kweli alianzia hapo. Basi la Dar linapita Kibiti, na Aprili 2017 askari 8 waliuawa kule Mkengeni wakitoka kubadilishana lindo. Oktoba 2020 wavamizi walivuka Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, humu humu mkoani kwetu. Hizo ni hofu za kweli, na asiye nazo mimi ningemtilia shaka.

Lakini alipotulia akasema la ndani zaidi. Mei 2013, kwenye vurugu za kupinga bomba la gesi kwenda Dar, alikuwa Mtwara mjini kwa dada yake. Walijifungia ndani, moshi wa mabomu ya machozi ukiingia kwa chini ya mlango, watoto wamefunikwa kanga zilizoloweshwa. "Mwanangu akiambiwa aende upande wa wenye ngao," alisema, "na mtaani niko mimi?"

Sikuwa na jibu la kumpa, na sidhani lipo la kumridhisha. Askari wa kituo chochote anaweza kuitwa siku hiyo. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipendekeza mwaka 2023 mageuzi makubwa ndani ya polisi, na binti alilitaja hilo kumfariji mama. Mimi nilimwambia asiombe kazi kwa kutegemea mageuzi. Aombe akijua jeshi lilivyo leo. Mama alimsikiliza, akasema atazoea, kwa sauti ya mtu ambaye hajazoea.

Simu ya mjomba

Haya yote yalikuwa mepesi ukilinganisha na hili. Nilimpa zoezi: "Saa saba usiku simu inaita. Mjomba. Fuso yenye magunia ya korosho imezuiwa kizuizini Mangaka, haina karatasi. Askari aliyeko zamu mlikuwa naye depo. Mjomba hataki ufanye lolote kubwa, anataka umpigie tu, 'umsalimie'. Unasemaje?"

"Nitazima simu."

Nikamwambia hilo ni jibu la mtu atakayeanguka, maana simu itawashwa asubuhi, na mjomba atakuwa mlangoni kwa mama. Rushwa ya bahasha ina sheria yake ya mwaka 2007 na ina TAKUKURU. Ya undugu haina sura ya rushwa. Inakuja na shikamoo, na ada uliyolipiwa, na msiba uliozikiwa, na inaomba kitu kidogo tu. Huku kusini, ambako mjomba ni baba, sijui mtihani mkubwa kuliko huo kwa askari wetu.

Kulikuwa na jambo jingine. Mjomba alishapata "mtu wa Dar" atakayemsaidia kupenya, na anataka kianzio. Matangazo ya ajira yenyewe huonya juu ya matapeli wa aina hiyo, na pesa ya hivyo kwa kawaida huliwa jina lisitoke. Lakini hata kama mtu huyo angekuwa wa kweli: askari aliyenunuliwa nafasi anaanza kazi akidaiwa, na anayemdai ndiye mwenye Fuso.

Alipotea siku kadhaa. Aliporudi alikuwa ameshakwenda kwa mjomba, peke yake, akapiga magoti akamsalimia, akamshukuru kwa ada, kisha akamwambia mambo mawili. Kianzio asikitoe. Na akipata kazi, shukrani yake itakuwa kumtunza mama na kuwasomesha wadogo, ila simu za barabarani asimpigie kamwe.

Mjomba alisema, "Kwa hiyo nimesomesha askari wa watu."

Naye akajibu, "Ndiyo, mjomba." Hawajasemezana vizuri tangu hapo.

Msimamo wangu, na uamuzi wake

Hadi siku ile mimi nilikuwa upande mwingine, siyo wa mama wala wa mjomba. Niliona anafaa zaidi kuwa afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa afisa huyo wajibu mkubwa kwa mtoto aliye hatarini. Anaandika taarifa, anaingia majumbani, anasimama na mtoto mahakamani, na halindi benki usiku. Nilimweleza kwa kirefu, hata nikamwonyesha kozi zake. Akanisikiliza, akasema: "Afisa ustawi anamtafuta mtoto. Mimi nataka kumtafuta yule mtu mzima."

Sentensi hiyo ilinitia wasiwasi. Mwenye hamu ya kukamata anaweza kufika mahali akamkamata yeyote. Lakini niliiweka kando ya ile fimbo ya kuonyeshea ubaoni, kauntabuku lenye wino wa rangi mbili, na safari ya kwenda kwa mjomba ambayo hakuna aliyemtuma. Hamu anayo, na breki pia anazo, tena zimeshajaribiwa kabla hajapewa gwanda. Kwa kijana mwingine mwenye sababu hiyohiyo lakini bila hayo matatu, ningeshikilia ustawi. Na kama asingekwenda kwa mjomba, ningemwambia waziwazi achukue uuguzi na aachane na polisi, hata kwa alama za juu na mbio za farasi.

Barua aliimalizia kwenye meza yangu. Kisa cha mtoto wa jirani hakumo. Sababu zimechukua mistari mitatu: anaweza kuandika maelezo ya mtu kwa usahihi, amezoea kuzungumza na watoto, yuko tayari kupangwa popote. Maombi yaliingia kwenye mfumo siku moja kabla ya dirisha kufungwa.

Ninapoandika, majina ya walioitwa kwenye usaili hayajatoka. Jina lake lisipotokea, umri unamwachia pengine tangazo moja zaidi, naye amesema atalisubiri akiwa chuoni: vivuli vya vyeti vyake nimevihifadhi kwenye flashi ya duka, na maombi ya stashahada ya ustawi wa jamii yakifunguliwa tutayatuma. Uuguzi ameshamwambia mama kwamba hapana, kwa sababu damu anaiweza lakini wodi haiwezi.